Ishirini na Tatu

Kalamu yetu imefungwa kwa uzi kwenye msumari,
maana mwaka wa kwanza kalamu tatu
ziliondoka na mifuko ya watu.
Msumari niliugongelea mimi.
Katibu ni mimi.

Saa kumi na mbili ukungu umelalia migomba ya Kyareni,
nao wanateremka kwa buti za mpira,
ndoo za chuma zimefunikwa sahani,
Mama Ndewiyo mbele, kama kawaida, akilalamika bei,
Mzee Ndetaulwa na lita zake mbili
anazozishika kama mtu aliyebeba kumi.

Tangi hili halikuletwa na mtu.
Lilikuja shilingi hamsini, hamsini,
kila lita ikiacha mkia wake daftarini
kabla haijalipwa,
miaka sita.
Mwaka wa nne migomba iliponyauka
walitaka tuzigawane.
Nililikalia sanduku. Kweli, nililikalia,
na shangazi Apaikunda akasimama mlangoni:
"Anayekula mbegu asiulize mvua."
Wakatawanyika.

Sasa sikiliza ya Mei.

Nilidumbukiza kipimo kwenye maziwa yake.
Kipimo hakina shangazi.
Kikazama, kikazama, kikasimama
ishirini na tatu.
Maziwa ya kweli hayashuki ishirini na nane.
Zile tano zilikuwa maji ya mfereji,
na mfereji wenyewe naujua,
unapita nyuma ya jiko lake,
nimeuchota utoto wangu wote
katika nyumba ya mwanamke huyu
aliyeuza mtamba
nimalize kidato cha nne.

Foleni ikanyamaza.
Mtu alikohoa, akajutia kukohoa.
Uzi wa kalamu ulikuwa mrefu wa kutosha
kufika ishirini na nane,
kufika popote.

Nikaandika 23.
Nikaandika: yamerudishwa.

Aliifunika ndoo kwa sahani ileile,
taratibu, kama anayemfunika mtoto,
akasema, "Haya,"
akapanda kilima na lita zake sita
mbele ya macho themanini.

Jioni nilikata jani la isale, nikaenda.
Njiani nikalitazama mkononi:
nani hasa anamwomba nani?
Zizini ng'ombe alikuwa na mimba kubwa,
kiwele kimelegea kama mfuko uliomwagwa.
Hori lilikuwa na mabua, mabua matupu;
majani ya tambarare yalishafika elfu sitini kwa pikapu,
na Ijumaa ilikuwa siku ya rejesho.
Hayo hakuniambia.
Alichukua jani, akalichomeka juu ya mlango,
akanipa kikombe cha maziwa.
Nikanywa.
Hayakuwa na maji.

Kesho yake alikuja na nusu lita
ndani ya kifuniko cha chupa ya chai.
Ishirini na tisa.
Mama Ndewiyo alikuwa na la kusema, nikaliona mdomoni,
akalimeza.
Nikaandika: nusu.
Mkutano wa Juni ulipitisha mfuko wa malisho,
kwa kura, baada ya kelele za saa tatu,
na ndoo moja iliyopigwa teke.

Juzi walikuja wageni wa halmashauri,
viatu vimeshika udongo mwekundu hadi kisigino.
Wakauliza siri ya maendeleo.
Nikawaonyesha tangi.
Wakalipiga picha, wakajitazama
kwenye ubavu wake unaong'aa,
mmoja akaweka tai sawa.
Wakataka takwimu.
Nikasoma lita, nikasoma wanachama,
Januari, Februari, Machi, Aprili,
na nilipofika Mei
vidole vyangu vikafunua karatasi mbili pamoja.

Kutoka benchi la nyuma, karibu na ndoo,
sauti niijuayo:
"Katibu,
umeruka moja."