Mfuko wa Ndani

Miaka thelathini na mmoja nimeichapa Ulaya kwa fimbo ya mpera,
ramani ya turubai, imetoboka pale palipokuwa Ubelgiji,
darasa la sita wakiitikia: Ureno! Lisboni!
na chaki ikiniingia puani.
Mimi mwenyewe sijafika hata Bujumbura.

Sasa kiinua mgongo kimetoka, kikokotoo kimekula chake,
kilichobaki nimekigawa: mabati ya nyumba ya Mbagala,
ada ya mjukuu wangu Tunu,
na siku nne.
Nne tu, kulala mara tatu.
Shoga yangu Ndekirwa anasema huo ni wazimu.
Kisha anauliza, tutafikia wapi?

Tunapanga barazani kwa fundi Kibwana, Temeke Mikoroshini,
maana meza yake ya kukatia ni pana
na hachoki kusikiliza.
Daftari la mistari. Ukurasa wa kwanza: viza.
Wanataka taarifa ya benki ya miezi sita, picha isiyocheka,
bima, barua, tiketi ya kurudi,
na kiapo kwamba kurudi nitarudi.
Ndekirwa anasonya: "Wao walipoingia Kilwa
walionyesha taarifa ya benki gani?"
Kibwana anacheka mpaka sindano inaruka mshono.

Ukurasa wa pili: usalama.
Mpwa wangu aliyesoma kule ametuma sauti ya dakika kumi na moja.
Ile treni ndogo ya manjano msiipande ikiwa imejaa,
kuna vidole vyepesi.
Mkoba mbele, zipu kifuani.
Mgahawani simu isilale mezani.
Akija mtu na karatasi ya kutia sahihi, mpiteni.
Pasipoti ibaki hotelini, tembeeni na kivuli chake.
Na mawe ya njiani huteleza mvua ikinyesha, shangazi, vaa raba,
usijifanye bibi harusi.

Tumesikiliza mara mbili.
"Huyu mtoto," anasema Ndekirwa, "anatusimulia Kariakoo."
Kweli. Mtaa wa Kongo, wiki ya kuamkia Idi,
nani alitufundisha kuukumbatia mkoba
kama mtoto mwenye homa?
Na wale wa pikipiki, wawili, pale Kinondoni,
walioondoka na mkoba wangu na nusu ya bega,
mwaka wangu wa mwisho kazini nikaandika ubaoni kwa kushoto,
watoto wakidhani ni mtindo mpya.

Basi Kibwana ananishonea mfuko wa ndani,
kipande cha khanga kuukuu, kamba mbili, zipu fupi.
Ananipa futi nijipime mwenyewe, anageukia ukuta.
Bibi yangu alifunga sarafu kwenye pindo.
Ni fundo lilelile, limepata zipu.

Imebaki fomu ya bima, na ndani yake mstari mmoja:
mtu wa kuarifiwa ikitokea dharura.
Kalamu ikaenda yenyewe, sifuri saba tano nne,
nikafika tarakimu ya saba ndipo nikakumbuka
namba hiyo ina miaka mitano haiiti,
mwenyewe amelala Chang'ombe.

Cherehani ikanyamaza.
Mwanangu yuko Mwanza, saa tatu usiku simu yake imezimwa.
Tunu bado anahesabu kwa vidole.
Ndekirwa nakwenda naye,
likiniangukia jambo limetuangukia sote.

Kibwana hakuinua uso, alikuwa akikata uzi kwa meno.
"Andika yangu," akasema.
"Siku hizo nne sitalala mapema."
Ndekirwa akaitazama barabara
kana kwamba kuna kitu kinapita.

Nimeandika. Kwa wino.
Mfuko ulipokwisha nikauvaa juu ya gauni, kuujaribu tu.
Haujatiwa hata senti,
na kiganja changu kimekwisha kuufunika,
kama niko Mtaa wa Kongo.