Mafuta ya Mise

Sare yetu ya stesheni ni bluu ya usiku,
rangi isiyosamehe.
Nikiinama kukata tiketi ya Uvinza, ya Kaliua,
begani huanguka kitu kama chenga za mchele,
na abiria, badala ya kuhesabu chenji yake,
anahesabu bega langu.

Ntahondi wa mizigo alishaniuliza,
"Dada Stamili, leo umepitia mashineni?"
Nikacheka. Kesho yake nikaja na kilemba,
na keshokutwa, na mwezi mzima.
Chini ya kilemba joto, chini ya joto jasho,
chini ya jasho mba ikistawi
kama mpangaji aliyekabidhiwa hati.

Jumamosi nikashuka Ujiji, kwa Mwavita msusi.
Akafumua msuko mmoja baada ya mwingine,
akanyamaza. Na Mwavita hanyamazi.
"Unaweka nini humu?"
"Mise."
"Kila siku?"
"Kila usiku."
Akaguna kile kiguno cha ng'ambo ya ziwa.
"Mtoto wa watu! Mgeni humtaka,
na kila usiku unampikia."

Sikumwambia habari ya chupa.

Maji yawe vuguvugu, alisema,
ya moto ni ya kunyonyolea kuku.
Shampuu ya dawa, ile ya duka la dawa pale Mwanga,
aliisugua kwa nyama ya vidole, taratibu,
kama anayeosha kichwa cha kichanga.
"Waliosema mtu hujikuna ajipatapo
hawakuziona kucha zako.
Sasa tulia. Dakika tano.
Wengi huisuuza dawa kabla haijaripoti kazini."

Dakika tano ni ndefu ukiwa umeinama kwenye beseni.
Povu lilipasuka masikioni, tsi, tsi.
Mbuzi alikuwa akitafuna boksi mahali fulani.
Ya tatu ilipofika nikajikuta nasema.

Kwamba mama alizikaanga mise mwenyewe, kule Simbo,
nyumba nzima ikajaa moshi mtamu.
Kwamba alinibana kichwa katikati ya magoti,
akachokonoa kwa mkia wa kitana,
magamba yakaruka, akapuliza, akapaka,
nami nikasinzia na mafuta yakinichuruzika shingoni.
Kwamba huu ni mwaka wa tatu hayupo.
Chupa ya mwisho imebaki robo,
nadonoa kwa ncha ya kidole ili idumu.
Hata sikuwa natunza nywele, Mwavita.

Akanyamaza mara ya pili.
Akanisuuza mpaka maji yakawa maji.

"Yashushe," akasema.
"Nini?"
"Mafuta. Yatoe kichwani, yashushe miguuni.
Mama yako alikupaka kichwa tu?
Viwiko je? Visigino je?"

Nilirudi na masharti yake:
mara mbili kwa wiki, na zile dakika tano;
foronya ichemshwe, kilemba kiote jua,
kitana kiwe changu peke yangu.
"Na likitoka jeraha, au usaha, usije kwangu.
Nenda hospitali, mimi ni msusi.
Na usidhani itakwisha kabisa.
Mba ni kama deni la duka,
hulimalizi, unalisimamia."

Kweli, mwezi wa nane, vumbi lilipokolea,
ilirudi kidogo nyuma ya sikio.
Nilijua cha kufanya. Sikumkimbilia mtu.

Bega langu sasa ni bluu, karibu bluu tupu.
Ntahondi hajasema kitu;
watu hawapongezi kisichoonekana.

Usiku navua viatu, nakaa ukingoni mwa kitanda,
nafungua chupa. Tone moja, kisigino cha kushoto,
kile kilichopasuka zaidi. Tone moja, cha kulia.
Chumba kinanuka Simbo.
Asubuhi vinang'aa ndani ya soksi,
nami nimekaa dirishani nakata tiketi,
na hakuna ajuaye.