Punje Tisini na Nane

Konjic, Februari. Mto Neretva una rangi ya chupa,
theluji imeziba nusu ya dirisha la karakana,
nami nakereza kwa kerezo la marehemu baba.
Mlango unasukumwa kwa bega: Behka, ameshuka basi la saa nne,
kitambaa mkononi, fundo juu ya fundo.

"Wewe ndiye binti Shevkija?"
Ndiye mimi. Zumra. Mwenye unga wa mbao kwenye nyusi.
Anafungua fundo kwa meno.
Tasbihi ya mjozi, kazi ya baba. Nazijua tundu zake:
hakuwahi kutoboa katikati kabisa.

"Ya mume wangu. Yenyewe ilirudi.
Ihesabu."

Nahesabu. Tisini na nane.
Nahesabu tena kutoka upande wa pili,
kana kwamba idadi ingeona haya mbele ya mgeni.
Tisini na nane.

Uzi ulikatika huko alikokuwa, mtu akaufunga upya,
kwa hiyo pengo halina mahali.
Hapo ndipo penye taabu. Jino likitoka, ulimi unajua pa kwenda;
hapa Jina limetoka na ufizi umejifunga.

"Mwanzoni nilisema lililopotea ni Al-Hafidh,
maana hakuhifadhiwa. Nilisema kwa hasira, tena kwa sauti.
Mwaka mwingine likawa Al-Mujib. Niliita, nikajibiwa na friji.
Kisha nikazeeka. Miaka ishirini na tisa, kila usiku
naruka moja, lolote, nalitaja bila punje,
kwa kifundo cha kidole hiki."
Anakionyesha. Kimepinda kama kilichobeba kitu.

Baba hakutoboa punje bila kutaja jina lake.
Ikipasuka, alizima mashine, akanywa kahawa,
akarudi kuanza tangu Ar-Rahman, amenuna
kama mtoto aliyerudishwa darasa.
Mimi hutoboa huku redio ikisoma bei za mafuta.
Behka ananiuliza nami nafanyaje. Namwambia ukweli.
Anacheka hadi anashika meza.

Nilikuwa na miaka saba nilipoanguka kutoka kwenye mplamu.
Mkono ukaning'inia. Nikapelekwa kwa Dervisha, muunga mifupa,
bibi mwenye vidole vya koleo na harufu ya siki.
Alishika, akavuta, na katika kuvuta akasema: Ya Jabbar.
Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu
anayesogeza kitanda chenye mgonjwa.
Jina hilo nilikuwa nimelijua kwa uso mmoja tu,
Jabari, mwenye kushurutisha, jabali linaloporomoka;
mwalimu wetu alilitamka macho yamemtoka.
Kumbe ndilo hilo hilo. Hushurutisha hata mfupa
urudi nyumbani kwake.
Nisidanganye: kurudi kuliuma kuliko kuanguka.

Nazima redio.
Kipande cha mplamu, kerezo, msasa, keekee.
Jina nalisema moyoni, mara moja, basi,
nikiogopa mti usije ukapasuka.
Haukupasuka. Punje inatoka nyeupe, kijino cha maziwa
kati ya tisini na nane zilizokolea jasho la watu wawili.

Behka anaanza kuhesabu. Dole gumba linajikwaa.
Anarudi nyuma. Linajikwaa pale pale.
"Umemweka nani hapa?"
Namwambia.

Ananyamaza. Nje basi linapiga honi, ndilo lake, hageuki.
Kidole kilichopinda kinatafuta kazi, hakipati,
kinakaa mezani kama mgeni aliyewahi.
"Huyo," anasema, "sikumshuku hata siku moja."

Kisha anaomba kahawa, isiyo na sukari.
Basi jingine ni saa tisa.