Betri ya Ukubwa wa Sarafu

Mlima umevaa theluji tangu Jumanne
na Covilhã nzima inanuka moshi wa kuni mbichi.
Nimekaa chumba cha nyuma, koti mabegani,
mbele ya kompyuta ya Adérito
iliyogeuka rangi ya jino la mzee.

Nabonyeza. Inakohoa, inanguruma,
inahesabu kumbukumbu zake kwa tarakimu nyeupe,
kisha, kabla hata haijaamka vizuri,
inaninyooshea kisanduku kimoja cha kijivu:
neno la siri?
Kama bawabu mgeni
kwenye nyumba niliyoifagia miaka arobaini na mmoja.

Nikaandika jina langu. Likakataliwa.
(Niseme kweli: liliniuma kidogo.)
Nikaandika jina la mbwa, Farrusco,
aliyezikwa nyuma ya banda la kuni.
Kosa la tatu, ikapiga mlio, ikanifungia.
Zima. Washa. Anza upya.

Tarehe ya ndoa. Tarehe ya mgomo wa kiwanda.
Namba ya pipa lake la rangi, lile la saba,
alimotumbukiza sufu miaka yote ile
akarudi nyumbani na kucha za buluu.
Nili. Zafarani. Kutu.
Jina la dada yangu, nalo nililijaribu,
vidole vikitetemeka,
na lilipokataliwa nikacheka peke yangu.

Siri ya mtungi aijuaye kata,
na kata yenyewe tuliizika Machi.

Dinis wa ghorofa ya juu ana miaka kumi na mitano
na bisibisi ya kuazima.
"Bi Felismina, hatuna haja ya kulijua neno.
Tunataka mashine isahau."
Akafungua ubavu wa boksi.
Feni ilikuwa imevaa sufu,
nyuzi laini, za buluu, zilizoingia na mikono yake
jioni baada ya jioni.
Dinis akataka kuzipuliza. Nikamwambia ngoja,
nikazitoa kwa kibanio cha nyusi.

Kisha akanionyesha: pale chini,
duara, bapa, inang'aa bila aibu.
"Hiyo ndiyo inayokumbuka mashine ikilala."
Akaing'oa kwa ukucha.
Akabonyeza swichi bila umeme, mara mbili,
kukamua tone la mwisho,
akasema tungoje nusu saa.

Tukangoja. Nikampa supu ya kabichi.
Akaniuliza mzee alikuwa anaficha nini.
Labda madeni, nikasema. Labda hakuna kitu.
Alikuwa mtu wa kufunga kwa ufunguo
hata kabati la vikombe.

Alipopachika betri mpya tukaiwasha,
haikuuliza lolote. Ilipita tu,
kama ng'ombe aijuaye njia ya zizini.
Na pembeni saa yake ikasema:
tarehe mosi Januari, elfu moja mia tisa tisini na nane,
saa sita na dakika mbili za usiku.

Usiku ule Adérito alikuwa jikoni
anagombana na kizibo cha chupa,
na mimi nikimwambia, we mwanamume,
mwaka umeshaingia bila wewe.

Tulichokikuta: mchezo wa karata na alama zake.
Hesabu za kuni za majira manne.
Barua kwa kampuni ya maji, aya moja,
inayoishia "na kwa hiyo naomba"
na mshale unapepesa baada ya neno hilo.
Basi.

Dinis ananihimiza nirekebishe tarehe.
Kesho, namwambia, ingawa
kesho ya mashine ile ni tarehe mbili tu.

Neno lenyewe silijui. Sikulifungua,
nililizunguka, kama watu wazungukavyo
dimbwi la barafu mbele ya duka la mikate.
Mashine nayo hailijui tena. Tuko sawa.

Betri ya zamani niliitupia kwenye bakuli la vifungo.
Jana nilikuwa nashona koti hili
nikaiokota mara mbili,
nikaitafuta matundu ya uzi.