Sharti la Kumi na Nane

Saa sita ya usiku, ofisi ya maji, Wete.
Kompyuta imeniandikia mstari mmoja mwekundu:
hakuna jawabu linalotimiza masharti yote.
Nimechovya kipande cha ajemi kwenye chai iliyopoa,
nikausoma tena kama mtu asomaye talaka yake.

Nilichotaka ni kidogo: bili ya umeme ishuke.
Pampu nne, matangi mawili, siku moja.
Niambiwe ipi iwake lini, na kwa kasi gani.
Ingekuwa mambo yamenyooka ningeyamaliza kwa kalamu,
lakini maji hayanyooki.
Ukiyakimbiza mara mbili, bomba linakudai mara nne,
na bomba la Bopwe lina kutu ndani
kama koo la mvuta tumbaku.

Masharti niliyaandika mwenyewe, kumi na saba.
Tangi la Jadida lisishuke chini ya mita moja na nusu.
Lisifurike pia, maana likifurika
linaingia bandani kwa ng'ombe wa Maalim Shaame,
na kwa sheha nimeshaitwa mara mbili.
Kisima cha tatu kisivutwe zaidi ya saa sita mfululizo:
chini yake bahari imelala,
ukivuta mno inaamka,
na chumvi ikishapanda haijui samahani.
Kinachotoka kiwe sawa na kinachofika, tone kwa tone.
Hilo ni sharti jembamba kama uzi,
halina ndani wala nje,
unalitembea huku unayumba.

Mshika mawili, moja humponyoka.
Mimi nimeshika kumi na saba
na bado nataka mkono wa kunywea chai.

Basi nikaugeuza ukuta kuwa mlima.
Sikusema tena "usipite".
Nilisema "pita, utalipa,
na kila hatua malipo yatazidi."
Adhabu ikiwa ndogo, jawabu liliruka mipaka
kama mbuzi aliyeona muhogo.
Nikazidisha mara kumi, likarudi nyuma.
Mara kumi tena, bonde likawa mfereji,
na hesabu ikawa inagonga kingo hii, inagonga ile,
nyuki ndani ya chupa,
bila kushuka hata unyayo.
Nikapunguza hatua. Nikangoja.

Saa nane na robo likatulia.
Jawabu zuri, wallahi.
Bili imepungua kwa humusi,
na sharti lililovunjwa limevunjwa kwa upana wa unywele.
Nikataka kulala.

Nikapitisha kidole kwenye jedwali, mtaa kwa mtaa,
nikafika Kipangani, saa kumi na nusu alfajiri:
presha, sifuri.
Nyumba kumi na moja, bomba la inchi moja,
hakuna sharti lililozitaja.
Saa kumi na nusu Bi Mgeni Faki anaweka ndoo chini ya mfereji,
anasema bismillahi, anafungua.
Hesabu haikumdhulumu.
Hesabu haikuwahi kuambiwa kuwa yupo.

Nikaandika la kumi na nane.
Mstari mwekundu ukarudi.

Kila sharti lina bei, na mashine huitaja bila haya:
legeza hili kidogo, utaokoa hiki.
Nikaziangalia bei zote.
Kubwa kuliko zote ilikuwa ya sharti la kumi na moja:
pampu zote zizimwe saa tisa hadi saa kumi na mbili.
Nani alilitia hilo?
Si kisima, si bahari, si ng'ombe wa Maalim.
Nililitia mimi, mwezi wa Rajabu,
kwa sababu lilipendeza kwenye ripoti.

Nikalifuta.

Bili itapungua shilingi nne kwa kila mia.
Mkurugenzi atauliza, "Hizi tu?"
Nitamwambia hili ni bonde nililoweza kulifikia kwa miguu.
Pengine nyuma ya kilima kipo lenye kina zaidi,
sijui, sikuliona, kulikuwa giza.

Nimempigia Mbarouk wa zamu:
"Pampu ya pili, saa tisa na dakika arubaini. Polepole."
Akanyamaza, kisha akasema,
"Sasa mbona ndivyo tulivyokuwa tukifanya zamani?"