Sikio la Mlango

Alikuja Jumatano, rasharasha ikilamba vioo vya duka letu pale Göppingen,
kavaa makoti mawili, la ndani refu kuliko la nje,
mkono huu kamba ya mbwa, mkono huu mfuko wa matufaha.
Nikampima kwa jicho, kama tufanyavyo sisi wauzaji:
huyu kajikinga mvua tu.

"Roswitha Haberkorn," akajitaja. "Nataka gari zuri.
Pesa ninazo. Usiniimbie."

Mimi, Tilo Bächle, miaka kumi na tisa katika kazi hii,
sijui kuuza bila kuimba.
Nikamwanzia lile jekundu, lililolala sakafuni kama paka anyemeleaye:
farasi mia tano na themanini,
sifuri hadi mia kabla hujamaliza kupiga chafya,
breki za kauri, sauti ya ekzosi ya kuchagua mwenyewe.
Hakuuliza farasi.
Alifungua mlango, akaufunga,
kichwa kakiinamisha kama mtu achaguaye tikiti sokoni.
Akaufungua tena.
Akaufunga.

"Eberhard wangu, miaka thelathini na moja kiwandani,
kazi yake ilikuwa hii: kusikiliza milango.
Si rangi, si injini. Milango.
Huu unakohoa, urudisheni.
Huu una debe tupu tumboni.
Huu sawa, upite.
Jioni hakuna aliyethubutu kugusa kabati la jikoni.
Na sisi wenyewe, kijana, tulipanda basi."

Alimwachia kitabu cha benki na neno moja tu:
nunua mlango.

Wahenga walisema chema chajiuza;
mimi nilikuwa nimetembeza maneno tangu asubuhi.
Basi nikanyamaza, nikauliza swali ambalo ningelianza nalo:
unakwenda wapi?
Kila Alhamisi Ulm, kwa dada yake Hedwig, anayesafishwa damu.
Kurudi usiku. Barafu Januari.
Nyonga ya kushoto ni ya chuma, ya kulia inafikiria.
Mbwa haachwi. Matufaha hayaachwi.

Hata hivyo alitaka kujaribu lile jekundu.
Kuingia, aliporomoka tu.
Kutoka tulihitajika mimi na Ömer wa gereji,
kila mmoja na kwapa lake,
naye akicheka mpaka miwani ikamdondoka.

Jeusi la wakurugenzi, lenye kiti kinachokanda mgongo:
"Kinakanda kama daktari asiyenipenda.
Na mlango wake unanong'ona. Siuamini."
La umeme, ambalo vitasa vyake hujificha ndani ya bodi:
"Vijifiche vikimkimbia nani? Mimi, na mikono imejaa?"

Kule nyuma, karibu na matairi ya theluji,
palikuwa na moja la kijani kibichi, la kisogo kirefu,
lililorudishwa na wakili wa Esslingen baada ya talaka.
Mwezi wa nne halina mchumba.
Wenye haraka huliona gari la mwalimu;
walimu huiona bei.
Kiti chake kilikuwa sawasawa na nyonga: unaketi, huanguki.
Mbwa alishaingia buti bila kukaribishwa.

Bi Haberkorn akaufunga mlango.

Sikusikia chochote cha ajabu. *Dup*,
kama kitabu kinene kinapofungwa na mtu aliyekimaliza.
Hakuurudia.
Alisimama, akatoa tufaha, akalila lote, akameza na mbegu.

"Lina farasi wangapi?"
"Mia sita."
"Wote hao? Humu?"
"Wote."

Barabara kuu ya Ulm, mvua imekatika,
pale kibao kinapofuta kikomo cha mwendo,
mwanamke wa miaka sabini na tatu alishusha mguu
polepole, kama anayekanyaga cherehani.
Mia na themanini. Mia mbili na kumi.
Mimi nimeng'ang'ania mkanda, mate yamekauka.

"Unasikia kitu upande wako?"
Nikatega sikio mlangoni. Upepo wote wa dunia ulikuwa nje.
"Sisikii kitu."

"Ehee," akasema,
akaongeza kidogo.