Mtutu Chini

Baba alinifunza mambo mawili ya bunduki,
na kulenga si mojawapo.
La kwanza: usiifunike.
Kanga hufunika chuma, haifuniki umbo lake,
na anayeona umbo huona na vingine visivyokuwemo.
La pili alilisema huku anapitisha tambara la mafuta ya cherehani:
askari akikwambia simama,
simama hata mawazo.

Basi Alkhamisi, siku ya nne tangu tumzike,
nimeitia begani, mtutu chini, tumbo lake tupu.
Marisau nimeyatia kwenye kopo la maziwa,
kopo nimelifunga kamba nyuma ya baiskeli,
mbali na bunduki, kama jamaa waliogombana.
Mama yumo edani.
Hamad yuko Maskati, katuma sauti kwenye simu:
"Mpelekeeni sheha."
Sheha kaandika barua, kapiga muhuri,
kuigusa hakutaka.
Ni miye, basi. Konde mpaka Wete.

Kando ya barabara karafuu zimeanikwa majamvini.
Wanawake wananyanyua macho, wanayashusha.
Mtoto kaninyooshea kidole, "pwa!",
mamake akampiga kibao cha mkono.

Kwenye kona ya Kinyasini, gari la polisi.
Koplo mnene anakula chungwa.
Na kijana, mtu wa bara kwa matamshi,
sare yake ina mikunjo ya kutoka bohari.
"Wewe mama! Simama hapo hapo!"

Nikasimama. Hata mawazo.
Mikono juu ya usukani, vidole wazi.
Kengele ya baiskeli ikalia yenyewe, ting,
na yeye akaruka.

Hapo nikajua kuwa baba hakunimalizia somo.
Mwenye kuogopa zaidi ni wa kuhurumiwa,
au ni wa kuchungwa?

"Asalaam aleikum. Nna bunduki, unaiona.
Ndani haina kitu. Leseni inayo.
Imo mfukoni, ndani ya buibui, upande wa kulia.
Mkono wangu haujenda huko,
na hautakwenda mpaka useme."

Akamtazama koplo.
Koplo akatema kokwa.
"Mwambie atoe. Polepole."

Polepole.
Sijapata kusogeza mkono namna ile,
hata nilipomfumba baba macho.

Kitabu kimechakaa. Ndani, picha ya mtu wa ndevu nyeusi.
"Huyu nani?"
"Ndiye mwenyewe."
"Yuko wapi?"
"Nyuma ya msikiti."
Akageuza shingo kuutafuta msikiti.
Kisha ikamwelea.

Akasoma nambari kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu,
nami namtangulia bila kuangalia:
saba, mbili, mbili, nne.
Ndizo nilizojifunzia kuhesabu,
ndiyo maana nilichelewa kuijua moja.

"Pole, mama," akasema.
Nina miaka ishirini na sita.
Nikaipokea; pole haina saizi.

Wete, kituoni, karani hakuinua kichwa.
"Bunduki moja, kuukuu. Saini hapa, pa mmiliki."
"Mmiliki hayupo."
"Saini tu. Fomu haina pahala pengine."
Nikaandika Mize, kalamu ikaenda.
Nikaandika Shaame, ikakwama kwenye karatasi,
karani akanipa nyengine.

Kurudi, bega la kulia limekaa juu kuliko la kushoto,
bado linangoja uzito.
Saa kumi, shambani, kima wanne juu ya tuta la mihogo.
Nikapiga makofi.
Mmoja kageuka, kaniangalia mikono,
mikono mitupu, vidole wazi,
akaendelea kula.